Gari Halina Masikio

Juzi binti wa jirani alinijia na daftari mkononi. Wiki ijayo anaanza kujifunza gari huko Tororo, akataka nimwambie siku ya kwanza itakuwaje. "Babu, nitarajie nini?" Nikamwambia atarajie jasho. Akaandika "jasho", akapiga mstari chini yake, akangoja. Nikaona haya, maana mtu amekuja kwa heshima na mimi nimempa neno moja. Lakini sikujua la kuongeza. Katika siku zangu za kujifunza naikumbuka vizuri moja tu, ile ya kwanza, nyingine zimechanganyika. Na sina hakika kama yaliyonipata mimi siku hiyo yanaweza kumpata mtu mwingine yeyote. Basi nimeona niyaandike yote, achague mwenyewe la kumfaa.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Sisi wakulima wa pamba wa upande wa Kiyeyi tulikuwa na kikundi chetu na stoo moja ya mabati. Kila msimu pamba yetu ilifika kiwandani imechelewa, kwa sababu ilikwenda kwa mikokoteni ya ng'ombe. Watu wa Merikit walitupita njiani na lori lao, wakapunguza mwendo kwa adabu, wakatuuliza kama tuna salamu za kupeleka mbele. Tukaamua kununua pikapu iliyotumika. Ikaja kutoka mjini, rangi ya kijani, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Aliyeileta akaiegesha mbele ya stoo, kando ya nguzo ya mizani ya pamba, akatupa ufunguo, akaondoka zake. Ndipo tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuendesha.

Wengine wakataka tuajiri dereva wa mjini. Wengine wakasema dereva wa mjini atakuwa anaipeleka pikapu kwenye harusi za kwao, na sisi tutabaki tunaisikia ikipita. Afadhali mmoja wetu ajifunze. Tukatajwa wawili. Mmoja alikuwa fundi baiskeli wa pale senta, penye maduka, wa pili mimi.

Lazima niseme ukweli hapa. Fundi alistahili kuliko mimi. Alijua mambo ya minyororo na grisi, na aliwahi kuazimwa pikipiki ya padri akaenda nayo mpaka Osukuru na kurudi bila kuanguka. Mimi sifa yangu ilikuwa moja tu, kulima kwa ng'ombe. Lakini mwenyekiti akasimama akasema, "Mtu anayeendesha ng'ombe wanne, kila mmoja na akili yake, atashindwaje na gari ambalo halina akili hata moja?" Watu wakacheka, wakanyoosha mikono, na mikono yangu ikazidi ya fundi. Nadhani wengine waliinyoosha kwa sababu ya kicheko tu. Fundi hakununa. Alisema, "Sawa. Lakini ukishindwa, mimi niko."

Hilo "ukishindwa" lilinikaa tumboni. Nilikuwa mtu wa kurudi nyumbani kabla ya kumaliza. Shule niliiacha darasa la nne. Nikaenda Kenya kwenye mashamba ya chai, ndiko nilikookota Kiswahili changu, nikarudi kabla ya mkataba kwisha, nikisema mgongo unauma. Mgongo uliuma kweli, lakini si sana. Useremala nilijaribu miezi mitatu. Kitu pekee nilichokishika bila kukiachia kilikuwa plau, na hata hiyo, kama itakavyoonekana, sikuishika peke yangu.

Mwalimu tulielekezwa Busia, upande wa Kenya. Nilitoka kwa baiskeli alfajiri, nikafika jua likiwa utosini. Kuvuka siku hizo ilikuwa jambo dogo. Askari wa mpakani aliniuliza tu kama huko nitokako mvua imenyesha, nikamwambia bado, akasikitika, nikapita. Mwalimu nilimkuta kwenye hoteli ya chai, mtu mpana mwenye kofia ya kitambaa, aliyekuwa ameendesha malori ya masafa marefu mpaka goti moja likamkatalia. Sasa alifundisha watu wa pande zote mbili.

"Umewahi kuendesha nini?" akaniuliza.

"Ng'ombe."

"Wangapi?"

"Wanne."

"Basi gia nne unazo tayari." Akacheka peke yake, akanisogezea andazi, akaniambia sharti lake. "Mimi nina desturi moja. Siku ya kwanza, pale gari lilipotoka, mwanafunzi alirudishe yeye mwenyewe, kwa mikono yake, kabla jua halijazama. Likizimika mara mia, sawa. Ukilia, sawa, wamelia wakubwa kuliko wewe. Lakini nikilazimika kulirudisha mimi, tumeachana. Wenzako watanitafutia mwanafunzi mwingine."

"Hata kama ndiyo kwanza naanza?"

"Ndiyo hasa. Mtu anayeliacha gari njiani siku ya kwanza ataliacha njiani kila siku."

Niliona sharti hilo ni gumu, na mpaka leo sijui kama ni la haki. Lakini aliniambia mapema, mbele ya mwenye hoteli, kwa hiyo siwezi kusema alinitega.

Akaja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani, vyeusi, nilivyovipaka mafuta usiku uliopita. Wanakikundi walikuwa wamekaa juu ya magunia mbele ya stoo kama watu waliokuja kuangalia mpira. Mwalimu akashuka kwenye basi, akawasalimu, akaizunguka pikapu mara mbili akipiga magurudumu mateke. Kisha akachora mstari mchangani kwa kisigino, mbele kabisa ya gurudumu la mbele, pale kando ya nguzo ya mizani.

"Hapa ndipo nyumbani," akasema. "Haya, vua viatu."

"Nivue?"

"Unakwenda kubatizwa? Vua. Mguu lazima uisikie klachi."

Nikavua. Watu wa kwenye magunia wakafurahi. Binti wa jirani na aandike hili: siku ya kwanza utachekwa hata kabla hujagusa kitu.

Kwa muda mrefu hatukuwasha gari. Alinikalisha kwenye usukani, yeye akakaa kushoto kwangu, akanifundisha mikanyagio mitatu ya miguuni. Huu wa kulia ni mafuta. Wa katikati breki. Wa kushoto klachi. Ukitaka gia, kanyaga klachi, tia gia, achia klachi polepole huku ukitia mafuta polepole. Nikamwuliza, hiyo miguu miwili inafanya kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja? Akasema ndiyo. Nikasema na mikono nayo? Akasema mikono ina kazi yake nyingine. Nikasema na macho? Akasema, "Macho ni mbele." Hilo la macho nilisikia, nikaitikia, nikadhani nimelielewa. Yeye alikwisha sema. Kosa la baadaye halikuwa lake.

Tulipowasha, pikapu ilitetemeka mwili mzima na mimi nikatetemeka nayo. Nikaachia klachi. Gari likaruka mbele kama ndama aliyeumwa na nzi, likazimika. Nikawasha tena, likaruka tena. Mara ya tano, bila kufikiri, nikalisemesha kama ninavyowasemesha ng'ombe wangu, kwa sauti ya kutoka kifuani.

"Bwana mkulima," mwalimu akasema taratibu, "hili gari halina masikio. Lina miguu tu, na miguu yenyewe ni yako."

Mara ya nane likaenda. Likaenda kweli! Nilisikia watu wa magunia wakipiga kelele nyuma yetu, nikataka kugeuka niwaone, mwalimu akanishika kidevu akakirudisha. Tukashika barabara ya udongo kuelekea uwanja wa shule, maili mbili hivi. Kwenda huko mkono wake mmoja ulikuwa kwenye usukani muda wote, kwa hiyo sitajisifu. Fundi alitufuata kwa baiskeli. Wapo waliosema baadaye alifuata ili anione nikishindwa. Mimi sidhani. Nadhani alifuata kwa sababu gari lilikuwa linakwenda, na yeye ni fundi.

Uwanjani nilizunguka vizuri mara tatu. Uwanja hauna njia, kwa hiyo hakuna njia ya kuikosa. Mwalimu akatoa mkono kwenye usukani, akaukunja na mwenzake kifuani. "Mbona unaweza!" akasema. "Sasa turudi nyumbani. Peke yako. Mimi ni abiria."

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Barabara yetu upande mmoja ilikuwa imechimbwa na maji ya mvua. Kulikuwa na mtaro, mwanzoni mwembamba wa kina cha shubiri moja, umenyooka vizuri sana. Tulipokuwa tunarudi ulikuwa upande wangu wa kulia. Nilikuwa nimetoa kichwa dirishani nikitazama gurudumu la kulia linavyokwenda, na nikaona linakwenda juu, kwenye ardhi ngumu, na ule mtaro uko pale pembeni, mtupu. Moyo wangu haukutulia. Nikavuta usukani kidogo, kidogo, mpaka gurudumu likaingia mtaroni. Likateleza humo kama limezaliwa humo. Nikaona raha. Asubuhi nzima hakuna kitu kilichokuwa kimekaa sawa, na sasa kilikuwa kimekaa sawa.

"Toka huko," mwalimu akasema.

Sikusikia vizuri, kwa ile raha.

"Toka huko! Toka! Breki!"

Mtaro haukubaki shubiri moja. Ukawa goti, ukawa paja. Pikapu ikalala upande, tumbo likakaa juu ya ukingo, gurudumu la nyuma likazunguka hewani likinung'unika. Nikakanyaga mikanyagio yote mitatu kwa pamoja. Likazimika.

Mwalimu alitokea upande wa juu, maana mlango wangu ulikuwa umebanwa na ukingo, na mimi nikapanda nyuma yake. Akasimama barabarani akitazama. Nimpe haki yake, hakunitukana. Alisema tu, "Nimefundisha wanaoogopa mtaro. Nimefundisha wasiouona mtaro. Wewe uliuona, ukaufuata. Kwa nini?"

Nilikuwa nimeanza kuhesabu moyoni: shule, chai, useremala, gari.

Fundi akafika, akalaza baiskeli chini, akainama chini ya pikapu, akasema hakuna kilichovunjika. Tukasukuma watatu. Haikutikisika. Mwalimu akatazama jua, akaniambia, "Sharti ni lile lile. Mimi siwezi kulitoa hapa. Ukilitoa wewe, na ukalifikisha, ni lako. Jua bado liko."

"Ng'ombe wake wako karibu," fundi akasema. Hili nataka lijulikane. Mtu ambaye angepata nafasi yangu kama ningeshindwa, ndiye aliyekumbuka ng'ombe wangu, na ndiye aliyepanda baiskeli kwenda kuwaita. Mimi nilikuwa nimesimama tu bila viatu.

Baada ya muda mke wangu akatokea kwenye kona, kamba mkononi, ng'ombe wanne nyuma yake na nira zao na mnyororo ukiburuzika. Akasimama. Akaitazama pikapu, akamtazama mwalimu, mimi akaniruka.

"Mmenunua ng'ombe wa chuma," akasema, kwa Kiswahili chake cha kumeza mwanzo wa maneno. "Sasa mbona naita hawa wa nyama?"

"Mama, samahani kwa usumbufu," mwalimu akasema, akavua kofia.

"Samahani ya nini? Si wewe. Mimi najua nani."

Tukafunga mnyororo nyuma ya pikapu, ili tuirudishe ilikotokea. Mke wangu akaenda mbele ya ng'ombe kama kawaida, akawashika wale wawili wa kwanza. Mimi nikakaa mahali pangu, nyuma yao, kando ya mnyororo, macho chini. Nikawasemesha. Hawa walikuwa na masikio. Wakainama, mnyororo ukakaza, udongo ukamomonyoka kidogo, mke wangu akawapinda upande wa barabara, na pikapu ikapanda ikitoa mlio kama mlango mkubwa unaofunguliwa. Fundi akapiga makofi. Mimi nikainua macho pale tu mke wangu aliposimama.

Mwalimu hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama mimi.

"Bwana mkulima. Muda wote huo ulikuwa unatazama wapi?"

"Chini. Kwenye mnyororo."

"Na ukiwa unalima?"

"Chini. Kwenye mfuo, ule mstari unaochimbwa na plau."

"Na mbele anatazama nani?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikamwonyesha mke wangu kwa kidole.

"Mbele ni yangu," akasema mke wangu, kama mtu anayeulizwa kibuyu hiki ni cha nani. "Yeye chini, mimi mbele. Miaka saba sasa. Yeye hajui hata shamba naishia wapi. Mimi nasimama, ndiyo najua tumefika."

Wapo wakulima wanaotazama mbele wenyewe, sitaki kuwasingizia wote. Lakini kwetu ilikuwa hivyo, tangu tulipooana, na mistari yetu ilinyooka.

"Na mtaro?" mwalimu akauliza, sasa kwa sauti ya upole.

Ndipo nikaelewa mwenyewe, kinywa kikiwa wazi. Ukilima, ng'ombe wa kulia hutembea ndani ya mfuo uliochimbwa mzunguko uliopita. Akipanda juu, kazi yote inapinda, lazima umrudishe. "Niliona gurudumu la kulia limetoka," nikasema. "Nikalirudisha mahali pake."

"Mahali pake!" Mwalimu akakaa chini kando ya barabara akacheka mpaka kofia ikaanguka. Fundi akacheka. Mke wangu alijizuia, kisha akashindwa. Nami nikacheka, ingawa sikuwa na uhakika kama nina haki ya kucheka.

Mwalimu alipoinuka alikuwa na shauri tayari. "Mama, unaweza kutembea mbele ya gari?"

"Naniuma?"

"Likitaka kukuuma, breki ya mkono iko kwangu. Tembea katikati ya barabara, hatua thelathini mbele, usigeuke. Fundi, wewe shika ng'ombe utufuate. Na wewe, mkulima, ukitazama chini tena nakufunga nira."

Baiskeli ya fundi tukaipakia nyuma ya pikapu. Fundi akapewa kamba ya ng'ombe wanne ambao hawakumfahamu. Mke wangu akajifunga kitenge vizuri, akaweka fimbo begani, akaanza kwenda. Nikawasha, likaruka, likazimika. Nikawasha tena, likaenda.

Nilimtazama mgongoni. Sikujua kwamba anatembea haraka hivyo. Miaka saba nilikuwa nimejua miguu ya ng'ombe tu. Alipoelekea kushoto kukwepa shimo, mikono yangu ikaelekea kushoto. Aliporudi katikati, tukarudi katikati. Sikuwa nafikiria mikono kabisa. Mtaro ulikuwa pale pale kulia kwangu, niliuhisi kama mtu anayenivuta shati, lakini sikuutazama.

"Gia ya pili," mwalimu akasema.

Gari likaongeza mwendo, na mke wangu akasikia, akaanza kukimbia, akipiga kelele bila kugeuka: "Mwambie yeye mimi si lori!"

"Mama, nenda mbali zaidi!" mwalimu akamwitikia. "Mbali kama mara tatu hivyo!" Nami akaniambia nipunguze mwendo ili mke wangu apate nafasi. Akawa mdogo mbele yetu, kitenge cha manjano. Nyuma nilisikia fundi akigombana na ng'ombe kwa lugha mbili. Mbele ya mke wangu kulikuwa na kichuguu kikubwa kando ya njia. Mbele ya kichuguu mti wa mvule, na chini ya mvule, paa la stoo liking'aa. Sijui macho yalimwacha mke wangu wakati gani yakaenda kwenye kichuguu, wala yalikiacha kichuguu wakati gani yakaenda kwenye paa. Nakumbuka tu nilishangaa kwamba ukitazama mbali, gari linanyooka lenyewe.

Kisha nikagundua kwamba barabarani hakuna mtu.

"Mwalimu! Mke wangu amekwenda wapi?"

"Amekata kona kwenda kwenu zamani. Amechukua na ng'ombe wake."

"Nisimame?"

"Kwa nini? Alikuwa anakuvuta?"

Nikaendelea, nimeshika usukani kama mtu anayening'inia. Nyuma kulikuwa na sauti inayokaribia na kupotea, "Baiskeli! Baiskeli yangu!" Huyo alikuwa fundi, amepokonywa ng'ombe na mke wangu, anakimbia. Nilitaka kumsubiri, lakini niliogopa kwamba likizimika sitaliwasha tena mbele ya watu.

Wale wa kwenye magunia walitusikia kabla ya kutuona, wakasimama. Wawili wakasimama nyuma ya nguzo. Nikauona mstari mchangani, nikauelekea, na ilipofika wakati wa kusimama, nisamehewe, nikatoa kwanza ile sauti ya kuwasimamisha ng'ombe, ndefu, kwa nguvu zote. Kisha ndipo mguu ukakumbuka breki. Pikapu ikatingishika, ikazimika. Gurudumu lilikuwa limepita mstari kwa hatua mbili.

Watu wakashangilia. Mwenyekiti akaja kunishika mkono dirishani. Na mimi, sijui kwa nini niko hivi, sikuweza kuupokea.

"Ngojeni," nikasema. "Nimepita mstari. Na tuliingia mtaroni, ng'ombe wakatuvuta. Na kutoka mtaroni mke wangu alikuwa anatembea mbele ananionyesha njia. Sharti lilikuwa nilirudishe mwenyewe. Sijui kama nimelirudisha mwenyewe."

Kelele zikapungua. Mwenyekiti akaniachia mkono, akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama jua, lilikuwa bado na upana wa kiganja juu ya mvule. Kisha akamtazama fundi, ambaye ndiyo kwanza anafika, ameshika mbavu, suruali imejaa vumbi mpaka magotini.

"Fundi," akasema, "wewe ndiye ungechukua nafasi hii. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Ulikuwa nyuma. Amelirudisha, hakulirudisha?"

Fundi akapumua kwanza. Nilijua akisema neno moja tu, kwa haki kabisa, mimi narudi kwenye plau na hakuna atakayemlaumu. Hata mimi nisingemlaumu.

"Mama alimwonyesha njia mpaka kona ya kwao," akasema. "Hiyo kweli. Toka pale mpaka hapa nimekimbia mimi, na mbele hakukuwa na mtu. Kama angekuwepo ningemwona. Nilikuwa natafuta mtu yeyote wa kunisimamishia huyu!" Akaenda nyuma ya pikapu akaanza kuishusha baiskeli yake. "Amelirudisha. Na vibaya, lakini amelirudisha."

Mwalimu akafuta mstari kwa mguu. "Jumatatu, saa mbili, hapa hapa," akaniambia. "Uje na macho. Viatu acha nyumbani."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilipata pamiti, yaani leseni ya udereva, baadaye, kwa jaribio la pili, la kwanza niliangushwa kwa haki. Niliendesha ile pikapu misimu mingi, fundi akiitengeneza, na mwishowe naye akajifunza. Mjini Tororo, penye magari mengi, yeye huendesha vizuri kuliko mimi, na hilo nimelisema mara nyingi mbele yake.

Jioni ile nilifika nyumbani na viatu mkononi. Mke wangu alikuwa anakusanya simsim, yaani ufuta, kutoka kwenye mkeka, matone ya kwanza yakianza kuanguka. Nikamwuliza kwa nini aliniacha njiani.

"Simsim ilikuwa nje na wingu nakuja," akasema. "Ningefanya nini? Shika upande huu."

Nikashika upande huo, tukaingiza mkeka ndani.

Jumatatu asubuhi, kabla ya saa mbili, tulipata nafasi ya kulima kidogo, udongo ukiwa laini kwa ile mvua. Yeye mbele, mimi nyuma. Tulipomaliza mstari wa kwanza akageuka kuutazama, akaweka fimbo chini, akashika kiuno. Mfuo ulikuwa umepinda kama nyoka. Nilikuwa nimetazama mwisho wa shamba njia nzima.

"Macho chini, dereva!" akaniambia, na ng'ombe wanne wakasimama wakingoja amalize kucheka.